Siku Mheshimiwa Alipopiga Goti

Vijana, msicheke. Sista Grace aliposema atatafuta mstaafu awaandikie mambo ya kazi ya gereji kwa kile kijitabu chenu cha youth ya kanisa, najua mlitegemea mzee wa mvi na mkongojo. Mmepata mimi, Wekesa. Nina miaka thelathini na tatu, jino la mwisho bado linaniota, na nimestaafu miaka sita sasa. Ukiniuliza nitakuambia ni mgongo. Daktari aliangalia picha ya mifupa, akaniuliza nimekuwa nikibeba nini. Nikamwambia giaboksi. Akauliza, kwani hamkuwa na mashine ya kubebea? Nikamwambia, daktari, mashine ndiyo mimi.

Shule niliachia darasa la nane, Kitale, kwa hivyo mkiona sentensi imepinda inyosheni wenyewe, nyinyi mna mitihani mingi. Na najua mtasoma Kiswahili hiki mkielewa kila kitu, halafu mnijibu kwa Kizungu. Sawa tu. Bora mfike mwisho, maana mwisho ndio ulionikalisha kitako niandike. Kuna jina la mtu mzima nililiharibu. Na nyinyi mmekuwa mkinisaidia kuliharibu kila Jumapili, bila kujua. Nataka kumrudishia mwenyewe. Lakini wacha kwanza niwafundishe kazi kidogo, nisije nikaitwa mstaafu bure.

Wote mnamjua Papa Byamungu. Yule mzee wa Bukavu, benchi ya tatu upande wa spika, koti ya kahawia, anayesema amen kabla pasta hajamaliza. Nyinyi mnamjua kama kichekesho. Mimi nilimjua kama fundi. Alikuwa na gereji kule Castle Vale, mtaa wa mji wetu huu wa Ulaya, chumba kimoja chenye mlango wa kukunja, lifti moja ya magari, birika moja, na redio iliyopoteza kitufe cha kuzimia. Nilifika hapo nikiwa na miaka ishirini na moja. Mama yangu alikuwa ameshaongea naye kanisani. Alimwambia, "Papa, huyu mtoto mdomo anao. Nitafutie pa kumwekea mikono."

Siku ya kwanza Papa aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele. Nilikuwa nimevaa raba nyeupe. Nyeupe, kwa gereji.

"Weye Kenya," akasema, na hilo ndilo likawa jina langu, "unasemaka mingi. Leta spana namba kumi na tatu."

Nikampelekea namba kumi na nne, na hadithi.

Wiki hiyo hiyo akanipa gari moja ya kawaida nimwage oili ya injini. Nikaingia chini, nikaona nati, nikafungua. Oili ikashuka safi kama asali. Nikapiga kelele, "Papa, njoo uone! Hii injini ni ya malaika, oili haijachafuka hata kidogo!" Papa akainama, akaangalia, akasimama, akaenda kuweka maji ya chai. Nilikuwa nimemwaga oili ya giaboksi. Na kwa vile sikujua, nikaenda juu nikaongeza oili mpya kwa injini ambayo ya zamani bado ilikuwa imo. Sasa injini imeshiba mpaka kooni na giaboksi ina njaa. Papa akaniletea kikombe, akaniweka kiti mbele ya hiyo gari.

"Iombe samahani."

"Papa, ni gari."

"Iombe. Weye njo ulisema uongo juu yake."

Nikaiomba. Watu wa duka la matairi jirani waliniona. Halafu Papa akanionyesha nati zote mbili, moja moja, akashika kidole changu akakiweka pale. Akasema oili yenye imemwagika chini anaiona, anapanguza, inaisha. Ile yenye haioni ndiyo inamkosesha usingizi. Nilicheka. Nilidhani anaongea juu ya oili.

Haya, sasa somo lenyewe. Mnapenda kuniuliza kwa nini gari moja inauzwa kama nyumba na nyingine kama baiskeli, na zote zina magurudumu manne na zinakwama foleni moja. Nitawaambia kwa gari mbili ninazozijua mpaka tumboni.

Ya kwanza ni ya Papa mwenyewe, ile ya kijivu iliyochoka, sedani ya kawaida kabisa. Nilimwita Mama Mboga, kwa sababu aliamka mapema, alibeba kila kitu na hakuwahi kulala kazini. Injini ya silinda nne, hakuna turbo, hakuna maringo. Springi za chuma na shoki za mafuta. Gia za mkono. Ukitaka kuingia barabara kuu unakanyaga, unahesabu, unaomba, unafika. Lakini Mama Mboga anakuambia kila kitu. Ukifika maili hamsini kioo cha abiria kinaanza kuimba. Ukifika sitini usukani unatetemeka kama mtu aliyepata barua ya uhamiaji. Bering ikianza kuisha unaisikia wiki mbili mapema. Papa alikuwa anaweka bisibisi ndefu kwa injini, upande wa mpini kwa sikio lake, anafunga macho, anasikiliza kama daktari. "Hapa," anasema. Na ni hapo.

Ya pili ni nyeusi, ndefu, ya Dikoni Muriuki wa Sutton Coldfield. Hiyo nilimwita Mheshimiwa. Dikoni ni mtu mkarimu, lazima niseme, kila harusi kanisani alikuwa anaitoa bure imbebe bibi harusi. Silinda sita na turbo mbili. Ukimkanyaga Mheshimiwa hupigi hesabu yoyote, mgongo unaingia kwa kiti na mawazo yako yanabaki nyuma kwenye taa. Uzito wake unakaribia Mama Mboga wawili, kwa hivyo breki zake ni sahani kubwa kama za harusi. Vioo ni tabaka mbili. Chini ya zulia kuna blanketi nzito ya kuzuia kelele. Mlango ukiurudisha polepole unamalizia kujifunga wenyewe, kama mtu mwenye adabu zake. Mara yangu ya kwanza kumhudumia nilitafuta betri kwa boneti nusu saa. Betri iko kwa buti, chini ya zulia. Papa alijua. Aliniacha nitafute, anakunywa chai.

Lakini siri yake kubwa ni hii: Mheshimiwa hana springi. Amekalia mifuko minne ya raba iliyojaa hewa, mmoja kila kona. Kuna pampu ndogo ya umeme ya kusukuma hewa, na sensa za kupima kila kona iko juu kiasi gani. Shangazi watatu wakiingia nyuma ya Mama Mboga, springi zinalala na taa za mbele zinaangalia mbinguni. Wakiingia kwa Mheshimiwa, pampu inaamka, anajiinua, anakaa sawa kama hakuna kitu kilichotokea.

Hapo ndipo utamu wake, na hapo ndipo hatari yake. Gari ya kawaida haijui kuficha. Hiyo nyingine iliundwa na watu wenye akili nyingi sana waliopewa kazi moja: huyu mtu aliyekaa ndani asisikie kitu. Ikiwa mgonjwa inajitengenezea sura, inatabasamu, mpaka siku inaanguka. Nawaambia hivyo kama fundi. Mtaona nilijifunza wapi.

Papa alikuwa na komputa ya kusoma gari, aliinunua baada ya mimi kumsumbua mwaka mzima. Lakini kipimo chake cha mifuko ya hewa kilikuwa vidole. Gari ikiwa imelala usiku kucha, asubuhi kabla hujaiwasha, unaingiza vidole kati ya tairi na bodi, kona kwa kona. Vinne hapa, vinne pale, vinne, vinne, mifuko ni mizima. Kona moja ikiingia vitatu tu, kuna mahali hewa inatoroka. Andikeni hiyo. Haihitaji umeme wala neno la siri.

Basi. Furaha, kitinda mimba wa Papa, akapata mchumba wa Coventry. Harusi Jumamosi. Dikoni akamleta Mheshimiwa Jumatatu, Papa amkague na kumbadilishia pedi za breki, ndiye atakayembeba bibi harusi. Papa alifurahi mpaka akaosha sakafu ya gereji. Mtu aliyeanza kwa kutengeneza lori za mizigo barabara ya Uvira, leo mtoto wake atashuka kwa gari ile, na mkono uliomtayarishia gari ni wake mwenyewe. Hiyo kwake haikuwa kazi. Ilikuwa zawadi yake.

Jumanne pedi zikaingia. Pedi mpya zinataka kuzoeshwa, unaendesha taratibu, unashika breki pole pole mara kadhaa. Papa akanirushia funguo.

"Kenya, zunguka nayo kidogo. Kidogo!"

Kidogo ya Papa ilikuwa mpaka duka la kuku na kurudi. Kidogo yangu ilikuwa Kings Heath, upande mwingine wa mji.

Kwa nini Kings Heath? Kwa sababu pale High Street kulikuwa na kinyozi ambapo vijana wenzangu walikuwa wanakaa, na hao nilikuwa nimewaambia mimi ni injinia wa magari makubwa. Walikuwa wamezoea kuniona nikishuka basi. Nilitaka waone mara moja tu.

Barabara ya kufikia kule ni ya matuta, mwisho maili ishirini. Sijui nilikuwa kwa ngapi. Hilo ndilo somo, hata leo sijui. Ningekuwa na Mama Mboga kioo kingeimba, usukani ungenigombeza, ningejua. Kwa Mheshimiwa kulikuwa kimya kama maktaba. Nilihisi niko kwa kumi na tano, nikasukuma kidogo. Na macho yangu hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwa vioo vya maduka, najitazama nikipita. Baada ya tuta kulikuwa na shimo limejaa maji ya mvua. Hata shimo lilinijia kwa adabu. Du. Mara moja tu, kama mtu ameangusha kitabu chumba cha pili.

Nikaegesha pale kwa kinyozi. Vijana wakatoka na shuka za kunyolea shingoni. "Injinia! Injinia!" Picha zikapigwa. Nilikuwa nimeegemea tairi ya mbele kushoto, na katika picha ya mwisho, ninayo mpaka leo, ile kona iko chini kuliko katika picha ya kwanza.

Narudi Castle Vale taa ya njano inawaka mbele yangu, na pampu inalia kwa mbali, uuuu, haipumziki. Nafika, Papa hayuko, ameenda kujaribu suti. Nikasema asante Mungu. Bado naona aibu kwamba nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Nikamwinua kwa lifti, nikachanganya sabuni ya vyombo na maji, nikanyunyiza kwa mfuko. Hivyo ndivyo hewa inatafutwa, mahali povu linachemka ndipo. Likachemka kwa mkunjo wa raba, ufa mdogo kama ukucha. Dawa yake ni moja: mfuko mpya. Ningeagiza jioni ile, ungefika Alhamisi, Ijumaa mchana ningekuwa nimemaliza. Sikuogopa bei. Papa angeulipia na Dikoni asingejua hata. Niliogopa sentensi moja tu: Papa, nilikuwa Kings Heath.

Basi nikachukua kiraka cha tairi na gundi, nikakibandika, nikazungushia tepu ya bluu, nikakaza na klampu. Nisikilizeni hapa, mfuko wa hewa hauzibwi. Unajikunja na kujikunjua kila tairi inapopanda na kushuka, kiraka lazima kibanduke, ni suala la lini. Mimi nilijua hivyo. Halafu nikachomeka komputa, nikafuta lile kosa lililoandikwa kwa kumbukumbu ya gari. Taa ikazima. Gari ikasahau. Nikajiambia kitashika mpaka Jumapili, harusi iishe, wiki ijayo nitabadilisha kimya kimya.

Ijumaa asubuhi Papa akaja mapema, amenyoa. Akamzunguka Mheshimiwa na vidole vyake. Nyuma kulia, vinne. Nyuma kushoto, vinne. Mbele kulia, vinne. Akafika mbele kushoto. Akaingiza. Akatoa. Akaingiza tena.

"Kenya."

"Naam, Papa."

"Hapa iko tatu. Iko kitu?"

Redio ilikuwa inaongea, nakumbuka, habari za hali ya hewa. Nikacheka kidogo. Mimi nikidanganya huwa nacheka kwanza.

"Hakuna kitu, Papa. Ni sakafu. Si umeiosha sana mpaka imeinama upande mmoja?"

Akaangalia sakafu. Akaangalia mkono wake. Akacheka pia, akanipiga bega. "Bon," akasema. "Kama weye unasema."

Mzee aliamini mdomo wangu kuliko vidole vyake.

Jumamosi mlikuwepo, wengi wenu, mkipigania maputo. Mnakumbuka harusi zetu zinavyotoka kanisani kwenda ukumbini. Mwendo wa dakika tano kwa miguu, sisi tunachukua saa nzima. Kina mama wa Kongo wanatandika vitenge barabarani, gari inapita juu, wanaviokota nyuma wanakimbia kuvitandika mbele tena. Kina mama wa Kenya nao wanafunga njia, wanaimba kwamba upande wa bwana harusi hawapiti mpaka wacheze vizuri. Na Coventry hawakujua kucheza. Hakuna injinia wa Ulaya aliyekaa chini akapanga gari ya kuendeshwa namna ile: mita mbili, simama. Shangazi mmoja anafungua mlango, anaingia, anamkumbatia bibi harusi, analia kidogo, anatoka. Mwingine anaingia. Kila anayeingia na kutoka, sensa zinapima upya, pampu inaamka. Na pampu hiyo ilikuwa tayari inafanya kazi ya kujaza mfuko unaovuja. Ilikuwa imepata moto. Zile pampu zikichemka zinajizima zenyewe, zisiungue.

Mimi nilikuwa mbele, suti ya kuazima, mike mkononi, mshereheshaji. Naona kona ya mbele kushoto. Naongeza utani.

Kwanza tukasikia ssss. Mama mmoja akadhani ni soda imefunguliwa. Kisha Mheshimiwa akashuka, taratibu, kwa heshima zake zote, kona ile moja, mpaka bodi ikakalia tairi juu ya kitenge cha mke wa Papa. Amepiga goti moja. Kama bwana harusi anayeposa upya.

Nyimbo zikakatika. Macho yote yakamtafuta mtu wa kuuliza, na mike ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, na spika ikalipeleka mpaka barabara ya pili:

"Wapendwa, msiogope! Ni Papa Byamungu huyo, amefundisha gari kuomba!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilijiambia naokoa harusi. Nilikuwa najiokoa mimi.

Dikoni Muriuki hakucheka. Akamkaribia Papa. "Papa Byamungu, nilikuachia gari siku tano. Kwani hukuiangalia?"

Papa akapiga magoti kwa suti yake mpya, akawasha simu yake, akaangalia ndani ya tairi. Kwa gereji yetu tepu ya bluu ilikuwa yangu peke yangu, yeye alitumia nyeusi. Akajaribu kuingiza kidole. Hata kimoja hakikuingia. Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliangalia mdomo wangu tu, kama mtu aliyezungusha funguo anangoja injini ishike.

Nikaangalia mike. Nikaipangusa, kana kwamba ina vumbi.

Akasimama, akapangusa goti. "Dikoni, ni miye. Nilipima, niliona, nikaacha. Munisamehe."

"Basi siku nyingine ubaki na lori zako, Papa."

Mama zetu wengine waliguna. Shangazi mmoja wa Coventry alicheka kwa pua. Mke wa Papa alikuwa anavuta kitenge chake chini ya tairi, hakitoki. Nyuma ya msafara alikuwepo Mama Mboga, amebeba masufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya Wakongo, buti limejaa mpaka kiti cha nyuma. Furaha akashuka kwa Mheshimiwa na gauni lake jeupe, akaingia kwa Mama Mboga, sufuria moja katikati ya miguu. Papa mwenyewe akaendesha. Taa za mbele zilikuwa zinaangalia mbinguni kwa uzito, harufu ya samaki na sombe inatoka madirishani. Walipopita karibu yangu nilimsikia Furaha, "Papa, iko sawa. Papa, usilie, iko sawa."

Ile gari ya kawaida ilimfikisha. Niliwaambia haijui kulala kazini.

Baada ya hapo wenye gari kubwa hawakuja tena Castle Vale. Dikoni hakuwa mbaya, aliulizwa tu na watu, akajibu. Mwaka uliofuata Papa akafunga gereji. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, miezi sita baada ya harusi, nikasema mgongo. Mgongo unauma kweli, msinishike hapo. Lakini mgongo haukunistaafisha. Nilichoka kushika spana pamoja na mtu ambaye kila asubuhi ananipa chai na haniulizi. Siku ya mwisho alinipa zawadi iliyofungwa kwa gazeti. Spana namba kumi na tatu.

Na ule utani nao ukaota miguu. Zipu ya mtu ikikatika, "kazi ya Papa Byamungu." Stendi ya kinanda ikianguka, "kazi ya Papa Byamungu." Nyinyi mlikuta watu wakisema, mkasema. Hamkuuanzisha. Na mimi mwenye utani nimekaa nyuma kila Jumapili, nacheka pamoja nanyi, nacheka kwanza kuliko wote.

Wiki tatu zilizopita kiti cha mpiga ngoma kilivunjika. Mmoja wenu, simtaji, ana waya kwa meno, akasema, "Papa Byamungu fixed it, innit!" Kanisa zima likacheka. Papa akacheka pia, na mkono mdomoni. Mapajani alikuwa amempakata mjukuu, mtoto wa Furaha, wa miaka mitano. Mtoto akainua uso kumtazama babu, anayemwita Koko.

"Koko, did you break Mummy's car?"

Siku hiyo nilikuwa benchi ya nyuma yao. Papa hakukawia hata.

"Eee, mwana. Ni Koko."

Vijana, mimi nina mdomo, mnanijua. Sikuweza kuimba wimbo uliofuata.

Kesho yake nikaenda kwake. Alikuwa jikoni anafungua birika lililokataa kuchemka. Nikasema, "Papa, ule mfuko..."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu vidole. Vidole yangu haikosaki." Akaendelea na bisibisi. "Lakini nilisema, hapana, huyu hawezi. Si kwa harusi ya dada yake."

"Na pale barabarani?"

"Pale niliku nangoja useme. Uliku na mike."

"Papa, ungeniuliza hata baadaye. Miaka sita!"

"Aka! Miye nikuulize nini? Ni weye uko na maneno. Miye niko na spana."

Nikaomba msamaha, na nikalia, na mgongo ukanishika nikiwa nimeinama, ikabidi yeye aninyanyue. Akanikalisha kiti kile cha jikoni, mbele ya birika. Akasema alinisamehe zamani, hata hakumbuki siku. Kisha akasema, "Lakini miye sikukuwa nacheka. Enda ambia bale banacheka."

Ndiyo hii, nawaambia nyinyi mnaocheka. Jana nimempigia Dikoni Muriuki, nikamwambia yote, Kings Heath na kiraka na komputa. Halafu akaniuliza kama Papa bado anakaa nyumba ile ile.

Kwa hivyo mkiingia gereji, wale wanaotaka, pimeni kwa vidole, na vidole vikisema vitatu, ni vitatu, hata anayewaambia vinne awe mnampenda. Na Jumapili hii kiti kitavunjika, navijua vile viti. Kikivunjika msinyamaze, chekeni tu, mimi sina shida na kicheko. Ila semeni jina lake la kweli: kazi ya Wekesa. Na yule mtoto wa Furaha, mfundisheni wa kwanza.